Ndita zangu zimewatia wakwe wasiwasi. Nichome sindano kabla ya harusi?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 47, naishi Mwanza na ninafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nilianza kwa kuuza sado sado, sasa nauza kwa magunia, na baadhi ya wateja wangu wanatoka Congo na Burundi. Sikwambii haya kwa kujisifu. Nataka uelewe kwamba mimi si mtu wa urembo. Uso wangu miaka yote nauosha kwa sabuni ya mche na kuupaka mafuta ya mgando, basi. Lakini sasa uso huohuo umeniletea balaa.

Kijana wangu wa kwanza anaoa. Binti ni Mhaya, kwao ni Bukoba. Tulipopeleka mahari tulipanda meli usiku, asubuhi tukashuka, tukapokelewa kwa heshima, tukala, tukacheza, tukarudi salama. Hazikupita siku nyingi mshenga akanipigia simu. Akazunguka weee, mara mvua, mara bei ya dagaa, mwisho akauliza, "Mama, hivi una neno lolote na huyu binti?" Nikamuuliza neno gani. Akasema upande wa pili wananong'ona kwamba mama wa kijana alikaa amenuna tangu mwanzo mpaka mwisho. Eti shangazi wa binti alisema, "Yule mama hamtaki mtoto wetu, mtazameni usoni."

Nikaomba picha. Mshauri, nilijionea mwenyewe. Picha karibu zote nimekunja ndita. Kuna mistari miwili katikati ya nyusi imezama kabisa, hata nikicheka ipo. Kwenye paji nako kumejichora mingine. Na siku ile nilikuwa na furaha! Kama kuna kitu kilikuwa moyoni ni kwamba nilitamani kijana amalize kupaua nyumba yake kule Buswelu ndipo aoe, na hilo nililisema nyumbani kwangu, sikulisema Bukoba, na wala halimhusu binti wa watu.

Tangu hapo nimeanza kukumbuka mengi. Vijana wanaopakia mizigo huwa wananiambia, "Mama leo vipi, tumekukosea nini?" Nilikuwa nadhani ni utani. Wajukuu wa dada yangu wakiniona wananyamaza. Kumbe watu wananiogopa!

Sasa kwenye kikoba chetu kuna mwenzetu alikuja siku moja uso umelainika, paji halina hata mstari. Tulipombana akasema amechoma sindano za Botox. Kuna mtu anatoka Dar kila baada ya miezi kadhaa, wanamwita daktari, anachomea kwenye chumba cha nyuma cha saluni moja hapa mjini. Ukienda peke yako ni laki tatu. Mkiwa wanne, kila mmoja laki mbili, kwa sababu mnagawana chupa. Anakuja na kiboksi cha barafu, dawa ikiwa imeshachanganywa tayari, anachoma watu haraka haraka na kuondoka. Mimi nimeshatoa advansi ya elfu hamsini. Anakuja Ijumaa, na harusi ni Jumamosi ya wiki inayofuata.

Kinachonitia hofu ni mwenzetu mwingine, naye alichomwa na mtu huyohuyo, na kope ya jicho la kulia ikadondoka. Alikuwa anakuja kanisani na miwani ya jua. Baada ya wiki kadhaa ikarudi, na usishangae, anasema atachoma tena. Wengine kikobani wanasema ile ni sumu, inapoozesha, hutacheka tena maisha yako. Mmoja akasema inaleta kansa. Binti yangu aliye chuo anasema, "Mama, hiyo ni dawa ya kawaida tu, watu maarufu wote wanachoma."

Kuna jambo jingine. Siku hizi ikifika jioni kope zangu zinakuwa nzito, mpaka ninyanyue nyusi ndipo nisome vizuri daftari la mahesabu, na simu naishikilia mbali. Mwenzangu anasema sindano itaniinua macho na hilo nalo litaisha. Ni kweli?

Baba watoto sijamwambia. Ni mtu wa kanisa, najua atakachosema. Hela ni yangu, nitaichukua kwenye kikoba, lakini moyo unanidunda. Niende au nisiende?

Mama wa Bwana Harusi, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kupata mkwe.

Barua yako nimeisoma nikacheka pale kwa mshenga na habari zake za mvua, kisha nikasoma habari za kope na kicheko kikakatika. Nitakueleza ni kwa nini. Kwanza niseme nilivyokuelewa. Una uso ambao watu wanausoma vibaya, una harusi iliyo mlangoni, na una nafasi iliyolipiwa nusunusu kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Unataka nikwambie nenda au usiende. Hilo utaliamua wewe mwenyewe, ila sitaki uamue kwa maneno ya kikobani, kwa sababu waliokutisha wamechanganya kweli na uzushi, na waliokushawishi nao vilevile.

Waliosema ni sumu hawakukosea. Botox ni jina la kibiashara la dawa inayotengenezwa kutokana na sumu ya bakteria waitwao Clostridium botulinum, walewale wanaoweza kumpoozesha mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Tofauti iko kwenye kipimo. Anayechomwa usoni anapewa kiasi kidogo mno, na kinachofanyika ni hiki: mshipa wa fahamu unapotaka msuli ujikunje hutoa kemikali ya kuuamrisha, na dawa hii inazuia kemikali hiyo isitoke. Msuli unakosa amri, unapumzika, na ngozi iliyo juu yake inatulia. Baada ya miezi mitatu hadi minne hivi mshipa unarudia kazi yake na mikunjo inarudi ilivyokuwa. Ukiacha kuchoma haizidi kuwa mibaya kuliko mwanzo, kama wengine wanavyotishana.

Wala haikuanzia kwenye urembo. Daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, ndiye aliyeifanya kuwa tiba ya makengeza, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaipitisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Kule Kanada kulikuwa na mke na mume madaktari, Jean na Alastair Carruthers, mke akitibu macho na mume ngozi. Wagonjwa wa mama huyu waliochomwa kwa ajili ya kope wakaonekana ndita zao zimepotea, na mwaka 1992 wawili hao wakachapisha habari hiyo. Ndita zikaingia rasmi kwenye orodha ya matumizi yaliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002. Leo dawa hiyohiyo inatibu watoto wenye misuli iliyokakamaa kwa sababu ya mtindio wa ubongo, kipandauso sugu, na hata jasho la kwapa lililopita kiasi. Kwa hiyo binti yako naye hakudanganya aliposema ni dawa. Habari ya kansa haina ushahidi. Na kucheka utacheka, maana misuli ya ndita na ya mdomo ni tofauti, isipokuwa mchomaji akikosea mahali.

Tuje kwenye uso wako. Ndita za katikati ya nyusi ndizo dawa hii inaziweza hasa. Ila umesema mistari yako imezama, ipo hata ukicheka. Mstari unaoonekana wakati uso umetulia hauondoki wote kwa sindano. Unapungua, unakuwa mwepesi, lakini alama inaweza kubaki, kwa sababu ngozi yenyewe imeshakunjika miaka kwa miaka chini ya jua la mwaloni. Mwenzako wa kikoba ana umri gani? Hukunitajia. Kama ana miaka 35, usitarajie kioo kikuonyeshe alichomwonyesha yeye.

Sasa zile kope, maana hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Unasema jioni zinakuwa nzito na unanyanyua nyusi ili uone. Msuli unaonyanyua nyusi ndio huohuo unaokunja paji lako. Yaani mistari ya paji unayotaka kuifuta inawezekana ndiyo inayoshikilia macho yako yabaki wazi! Mtu akiulaza msuli huo bila kukuchunguza, nyusi zitashuka, na kope zikifuata utaona kwa shida zaidi kuliko sasa. Mchomaji makini, kabla hajafungua hata sindano, angekwambia ufumbe macho, uyafungue, unyanyue nyusi, ukunje ndita, huku yeye anatazama. Anayechoma watu wanne haraka haraka akawahi basi, sijui kama muda huo anao.

Na lipo jingine ambalo sitaki likutie hofu, lakini sitalificha. Mara nyingi kope nzito za jioni ni uchovu, au ngozi ya kope imelegea kwa umri. Mara chache huwa dalili ya ugonjwa wa udhaifu wa misuli uitwao miasthenia gravisi. Mwenye ugonjwa huo huamka vizuri, kadiri siku inavyokwenda kope zinadondoka, wakati mwingine anaona vitu viwili viwili, au anachoka kutafuna katikati ya chakula. Mtu wa namna hiyo sindano hii inaweza kumletea madhara makubwa, mpaka kwenye kumeza na kupumua. Sisemi unao. Nasema swali hilo ni la daktari, na ni la kuulizwa kabla ya sindano. Kliniki ya macho ipo Bugando, na Sekou Toure pia utapokelewa. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, na usisahau kutaja simu unayoishikilia mbali. Katika umri wetu, macho kushindwa kusoma cha karibu ni jambo la kila mtu, na anayesoma daftari kwa kukaza macho kutwa nzima anakunja ndita bila kujua. Inawezekana kabisa nusu ya ununaji wako ni miwani ya kusomea ambayo hujainunua.

Huyo mwenzako aliyedondoka kope yamemkuta yanayojulikana. Dawa ikichomwa karibu mno na jicho, au ikipewa nyingi, inapenya hadi kwenye msuli unaonyanyua kope. Hutokea hata kwa madaktari wazuri, ingawa kwao ni nadra zaidi, na huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Maumivu ya kichwa na michubuko midogo pale ilipoingia sindano navyo ni vya kawaida. Kinachotisha zaidi ni dawa kusambaa mbali na mahali ilipochomwa. Ni nadra kwa dozi za usoni, lakini Marekani tangu mwaka 2009 wameagiza onyo hilo liandikwe ndani ya fremu nyeusi kwenye maelezo ya kila dawa ya aina hii.

Ningekuwa na wewe hapo dukani ningekaa sana kwenye hiki kiboksi cha barafu. Dawa halisi hutoka kiwandani ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, hutunzwa kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8, na huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali pale inapotaka kutumika. Maelezo ya Botox yenyewe yanasema ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24, na kichupa kimoja ni cha mgonjwa mmoja. Yako inatoka Dar ikiwa imeshachanganywa. Ilichanganywa lini? Na nani? Kwa maji gani? Wewe ni mfanyabiashara wa dagaa. Dagaa walionyeshewa na mvua kisha wakaanikwa tena, anayepita njiani hawatofautishi na wengine, lakini wewe ukitia mkono ndani ya gunia unajua. Kwenye kichupa hiki mkono wako hauna cha kushika. Maji meupe ni maji meupe, yawe dawa, yawe dawa iliyokufa kwa joto, yawe bandia yenye nguvu isiyojulikana.

Na bandia si hadithi. Mwaka 2024 huko Marekani, pamoja na ukali wao wote wa sheria, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kudhurika baada ya sindano za namna hii, nyingi zikiwa zimechomwa na watu wasio na leseni au mahali pasipo pa tiba, majumbani na kwenye vyumba vya urembo. Nusu yao walilazwa. Baadhi ya dawa zilizochunguzwa zilikuwa bandia.

Kugawana chupa nako nina neno. Ikiwa kila mtu anachotewa kwa bomba jipya na sindano mpya tangu wa kwanza hadi wa nne, hatari inapungua. Ikiwa sindano iliyoingia usoni kwa mwenzako inarudi ndani ya chupa kuchota yako, hapo mnagawana na damu, na homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI havijali kwamba mmekaa kikoba kimoja. Uliona anavyochota? Muulize yule wa miwani ya jua.

Kwa hapa kwetu, dawa hii haihesabiwi pamoja na vipodozi vya dukani. Ni dawa, iko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapohapo Mwanza. Unaweza kwenda kwao na jina la dawa na namba ya toleo iliyo kwenye boksi, ukauliza kama wanaitambua. Na anayeitwa daktari, jina lake liwepo kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Mpigie simu mtu huyu kabla ya Ijumaa. Muulize jina lake kamili, namba yake ya usajili, jina la dawa, atakuchoma uniti ngapi, na likitokea tatizo Jumanne yeye akiwa Dar utamwona nani. Hilo la uniti usiliruke, kwa sababu uniti za kampuni moja hazilingani na za kampuni nyingine, na anayehamisha hesabu kutoka dawa hii kwenda ile anaweza kumzidishia mtu mara kadhaa. Anayejua kazi yake atakujibu bila kununa. Akikwambia "mama, una maswali mengi," basi umeshajibiwa. Elfu hamsini inauma, najua, lakini ni hasara ndogo kuliko ya gunia moja lililooza.

Kalenda pia hukuiangalia. Sindano ya Ijumaa huanza kuonekana siku ya tatu hadi ya tano, na uso hutulia kabisa kama wiki mbili baadaye. Harusi yako inaangukia katikati, wakati ambapo upande mmoja unaweza kuwa umetangulia na mwingine haujafika, na ndio wakati ambao kope zenye nia ya kudondoka hudondoka. Hata wanaoipenda sana sindano hii hawashauri mtu aijaribu kwa mara ya kwanza wiki ya sherehe. Ukiamua kuchoma, kuchoma baada ya harusi kwa mtu aliyesajiliwa ni njia moja. Utakosa picha za mwezi huu, utapata muda wa kupimwa macho. Njia nyingine ni kusafiri hadi kwa daktari wa ngozi, ambayo itakula hela zaidi ya laki mbili na utaulizwa mengi, ikiwemo dawa unazotumia. Kuna antibayotiki kama jentamaisini ambazo hazipatani na sindano hii. Na hesabu yako ya kikoba ifanye ya mwaka mzima, maana ukitaka kubaki hivyo utarudi mara tatu au zaidi kila mwaka.

Ipo na njia ya kutochoma kabisa, na sipendi uione kama njia ya walioshindwa. Kofia pana ukiwa mwaloni, kwa sababu jua la ziwani linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Mafuta ya kuzuia jua, ambayo wengi wetu tunayaona ni ya ndugu zetu wenye ualbino peke yao, wakati jua linazeesha ngozi ya kila mtu. Krimu ya tretinoini aliyoandika daktari hupunguza mikunjo midogo kwa miezi, si kwa wiki. Tafadhali usije ukauziwa mkorogo kwa jina la krimu ya mikunjo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na vile vyenye steroidi vinakondesha ngozi na kuifanya ionekane ya mtu mzima zaidi.

Nirudi kwa wakwe, maana nahisi huko ndiko unakoumia.

Unaamini kwamba uso wako umesema uongo. Pengine. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba ulitamani kijana apaue kwanza, na ukalisema nyumbani. Nyumbani kwako alikuwepo nani? Kijana alikuwepo? Kijana ana mchumba, mchumba ana shangazi. Sikulaumu hata kidogo, mama yeyote anayejua bei ya bati angesema hivyo. Ila jiulize kama shangazi yule aliusoma uso, au aliusoma uso baada ya kusikia neno. Kama ni la pili, unaweza kwenda ukumbini na paji laini lisilo na mstari, naye akasema umevaa tabasamu la kinafiki.

Na mshenga alipokuuliza, ulimjibu nini? Barua yako inaruka hapo, inakwenda moja kwa moja kwenye picha. Bado kuna muda wa kumpigia na kumwambia, peleka salamu, mwambie mama yake binti nataka kuzungumza naye mwenyewe kwa simu. Mama kwa mama. Mwambie una ndita za jua na za daftari, mcheke, kisha mwambie lile la nyumba kama lilivyo, kwamba ulikuwa unamwonea huruma binti yake kuingia kwenye nyumba isiyo na paa. Inawezekana akaelewa, inawezekana asielewe. Hatari yake ni kufungua jambo ambalo pengine lilikuwa limeshalala. Wewe ndiye unayewajua, pima.

Kuhusu baba watoto, sikwambii umwombe ruhusa ya uso wako, na hela umeitafuta kwa jasho lako. Lakini fikiria kope imedondoka siku ya Jumatano, nyumba imejaa wageni wa kutoka Ukerewe na Magu, na yeye ndiye wa kukukimbiza hospitali. Daktari atamuuliza mama amechomwa nini, naye hana jibu. Kwa sababu hiyo tu, mtu mmoja wa karibu lazima ajue, awe yeye, awe dada yako au binti yako wa chuo. Halafu umesema unajua atakachosema. Miaka yote hii ya ndoa, ameshawahi kukutania kuhusu ndita zako? Mimi nina hamu ya kujua. Huenda ana maoni ambayo hujawahi kumuuliza. Na la kanisa, zungumzeni wenyewe, sitalitia mkono.

Ukienda Ijumaa hata baada ya kusoma haya, bado nipo upande wako. Kataa chupa ambayo hukuona ikichanganywa, piga picha boksi lake na namba ya toleo, mwambie akuonyeshe sindano mpya, na umweleze habari za kope kabla hajakugusa. Siku hiyo usisugue uso, usiinamie magunia, usibebe kitu kichwani, na helmeti ya bodaboda iache ipite. Kuanzia saa chache baadaye mpaka wiki kadhaa, ukiona vitu viwili viwili, sauti ikakwaruza, mate yakashindwa kumezeka, shingo ikalegea au pumzi ikawa nzito, usimpigie mwenye saluni. Nenda Bugando au Sekou Toure saa hiyohiyo, hata iwe usiku, na uwaambie umechomwa sindano ya botulinamu, siku gani, na sehemu zipi za uso. Ipo dawa ya kuidhibiti sumu hiyo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Mpe binti yako ile picha ya boksi aitunze kwenye simu yake.

Mshauri wako